Kiota Namba Arobaini na Moja

Bangili ya Shemdoe ilikuwa nzima, na hilo lilinitia hofu kuliko mkono wake ulioumwa na nyoka, uliokuwa unavimba.

Niliivua mwenyewe pale pale katikati ya mistari ya iliki, wakati wenzake wakimlaza kwenye machela. Nikaijaribu. Ikatetema vizuri kabisa: mara moja ndefu kwa mwewe, mara tatu fupi kwa nyoka. Masikio manane, yaani vinasa sauti vyetu, yaliyofungwa kwenye miti ya mstari ule yalikuwa yanafanya kazi, betri zimejaa, hakuna waya uliokatika wala sisimizi aliyejipenyeza ndani. Mimi ni fundi wa masikio hayo kwa miaka kumi na mitatu, na siku ile ningeshukuru sana kukuta kitu kimeharibika.

"Nilitulia, Mboni," Shemdoe alisema, meno yakimgongana. "Pumzi tatu, kama inavyotakiwa. Muulize dada yako."

"Alitulia," alisema dada Mwasiti, ambaye ni kiongozi wa wachumaji. "Nilikuwa mstari wa pili, nikimwona."

Iliki haizai juu, ambako mtu angechuma amesimama na heshima zake. Punje zake hukaa kwenye vikonyo vinavyotambaa chini, shinani, ndani ya majani yaliyooza, na mchumaji hana budi kuupeleka mkono mahali asipopaona. Hapo ndipo kifutu hulala. Rangi yake ni ya majani makavu, ubaridi wake ni wa majani makavu, na anaweza kukaa siku tatu bila kujitikisa. Tulijaribu kamera, tukajaribu vipimajoto, tukajaribu hata mashine inayonusa, na zote zilimpita bila kumwona. Katika msitu wetu wa Kwemhosi, anayemwona kila mara ni ndege mwenye kiota.

Ndiyo maana kwetu hakuna anayeinama kabla ya kutulia. Unasimama, unavuta pumzi tatu, unawaacha ndege wakutazamie. Ndege aitwaye kurumbiza akimwona nyoka hutoa mlio mkavu, wa haraka haraka, kama mtu anayepasua karanga karibu na sikio lako. Masikio ya mitini huusikia, hutambua kwamba si mlio wa mwewe wala wa nyani, na bangili hutetema mara tatu. Unarudi nyuma, unamwachia nyoka nafasi yake. Kabla ya masikio tulikuwa tukizika watu wawili watatu kila msimu. Tangu tuyafunge, hatukuwa tumezika hata mmoja.

"Kurumbiza alikuwepo?" nilimuuliza dada.

"Alikuwepo, juu ya tawi, hatua nne kutoka kwa Shemdoe. Alikuwa anaimba."

*

Shemdoe hakufa. Dawa ilimfikia mapema, akapoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na siku ya tatu alikuwa ameanza kuwatania wauguzi. Mimi sikuwa na utani. Nilijifungia karakanani na picha za ile asubuhi, nikazitazama mpaka macho yakaniuma.

Kamera za majaribio zilikuwa bado mitini, na sasa nilijua pa kumtafuta kifutu: picha zilionyesha kila kitu. Kurumbiza jike anashuka chini, anachakura majani, anamkamata panzi, na anapomaliza anarukaruka kuelekea kwa kifutu. Anampita kwa urefu wa kiganja. Anamtazama kama anavyotazama mzizi, kisha anaruka juu ya tawi na kuanza kuimba. Shemdoe anaingia kwenye picha, anasimama, anavuta pumzi tatu, anainama.

Ndege yule hakupuuza chochote. Hakujua kwamba kile ni nyoka.

Kosa lilikuwa langu, ingawa lilifanywa kwa mapenzi. Miaka sita nyuma, kila mchumaji wa Kwemhosi alikuwa amechagua kiota chake cha kukiangalia, kwa shukrani tu, hakuna aliyemwamuru mtu. Namba ya kiota iliandikwa kwenye bangili. Watu waliulizana habari za makinda kama wanavyoulizana habari za nyumbani. Na kila msimu walilia, kwa sababu nyoka wapandao viotani, swila na hongo, walikuwa wanakula makinda yale mbele ya macho yao. Dada Mwasiti ndiye aliyekuja kwangu. "Wanatulinda, Mboni, na sisi tunawatazama wakiliwa. Wewe fundi mzima hushindwi kitu hapo."

Kweli sikushindwa. Nikatengeneza mlinzi: kibweta cha udongo, saizi ya ngumi, unakifukia chini ya kiota. Hutoa mtikisiko mdogo ardhini, sisi hatuuhisi, lakini nyoka anausikia kwa mfupa wa taya na kugeuza njia akiwa bado hatua kumi. Tulifukia walinzi mia moja na kumi na wawili. Makinda wakaanza kukua wote. Tulichinja mbuzi siku ile, na mimi nilibebwa juu juu.

Kurumbiza wa msituni kwetu huishi miaka mitano, sita akibahatika. Hesabu mwenyewe. Wale waliomjua nyoka walikufa mmoja mmoja kwa uzee, wakawaachia msitu watoto wao, ambao walikuwa wanene, wazuri, na hawajawahi kuona jambo baya likifika kwenye kiota.

*

Bwana Kihiyo, katibu wa ushirika, alikuwa na jibu tayari kabla sijamaliza kueleza.

"Mlio wa nyoka unao kwenye kumbukumbu zako?"

"Ninao, Bwana katibu. Wa miaka yote."

"Basi wapigie. Funga spika mitini, waburutie mpira wa maji chini, wajifunze. Ndege ni mwanafunzi kama wanafunzi wengine."

Kusema kweli nilitaka liwe jambo jepesi. Tukafunga spika. Mara nne kwa siku tulipiga mlio wa nyoka huku mtu aliyejificha akivuta kwa kamba kipande cha mpira mweusi kati ya mistari. Siku ya kwanza kurumbiza walishtuka, wakaruka juu, mimi nikashangilia. Siku ya tatu walikuwa wamesimama juu ya mpira wakitafuta wadudu.

Siku ya tano bangili zote zikatetema mara tatu, msitu mzima kwa pamoja, na watu wakarudi nyuma mbio, vikapu vikamwagika. Hapakuwa na nyoka. Zikatetema tena, na tena. Nikayasikiliza masikio yangu, nikabaki nimeshika kichwa. Mtu yeyote aliyekulia hapa anajua kurumbiza ni mwigaji asiye na aibu. Huiga mbwa, huiga filimbi ya mlinzi wa lango, huiga mlango wa ukaushio wa iliki unavyolia. Sasa walikuwa wameupenda mlio wetu. Wameufanya wimbo. Madume walikuwa wanatongozea kwa mlio wa nyoka, na mmoja alikuwa ameuongezea hata ule mkwaruzo wa spika mbovu mwanzoni, kwa madoido.

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaogopa sana. Kufikia mchana wachumaji ishirini na sita walikuwa wamevua bangili zao na kuzitia mfukoni. Nikaziteremsha spika jioni ile ile, na wiki mbili zilipita ndipo madume walipochoka na wimbo wao mpya.

*

"Twende ng'ambo," nilimwambia dada.

Ng'ambo ya kijito kuna msitu ambao haujawahi kulimwa iliki wala kufukiwa mlinzi. Tulivuka asubuhi, umande bado mzito, tukajilaza nyuma ya gogo mbele ya kiota cha kurumbiza kilichokuwa ndani ya kisiki. Mama alikuwa ameatamia mayai matatu. Nilikuwa nimepenyeza uzi wa kusikilizia chini ya kiota, mwembamba kama unywele, na kupitia uzi ule nilisikia mioyo minne: mmoja wa mama, na mitatu midogo, ya haraka sana, ndani ya maganda.

Kwa saa nzima yule mama hakufanya chochote ila kutazama. Alitazama kwa jicho la kulia, akageuza kichwa, akatazama kwa la kushoto. Nilianza kuelewa kwamba anakagua. Anaijua sakafu yake ya msitu kama mtu anavyolijua jiko lake. Kijiko kikihamishwa, anajua. Jani lilipoanguka alilitazama mara moja, akalisamehe.

Kisha baba yao akatoa mlio kutoka juu, mmoja, mrefu, mwembamba. Mwewe. Mama akajibana ndani ya kisiki mpaka akawa kama sehemu ya gome. Na kwenye uzi wangu, ile mioyo mitatu ya ndani ya mayai ikapunguza mwendo yote kwa pamoja.

Nilimpa dada kidude cha sikioni. Akasikiliza, akanishika mkono kwa nguvu.

"Hawajazaliwa," alinong'ona.

"Hawajazaliwa."

"Hawana hata macho, Mboni! Nani kawaambia?"

"Wamemsikia baba yao."

Nimefanya kazi ya masikio miaka yote hii, nimeunda vyombo ambavyo watu husafiri kutoka mbali kuja kuviona, na pale nyuma ya gogo nilijiona mdogo. Kiumbe asiye na manyoya, amekunjwa ndani ya ganda, alikuwa amepokea habari ya hatari na kunyamaza. Mashine yangu iliyo bora kuliko zote inahitaji masikio manane na betri kufanya nusu ya jambo hilo.

Tulianza safari ya kurudi. Kwenye kijito dada alisimama. "Sema unachotaka kusema."

"Lazima tuzime walinzi."

"Tuliwaahidi wale ndege."

"Tuliwaahidi, na tumewafanya viziwi. Siku betri zitakapokwisha, au mimi nitakapokufa, nyoka atawamaliza msimu mmoja. Na kabla ya hapo nyoka hao hao watatumaliza sisi."

"Na unataka kuanzia wapi?"

Jibu alikuwa amekwishalijua. Msimu mzima ule, mstari mmoja tu ndio uliokuwa umetetemesha bangili kwa nyoka wa kweli, na ulikuwa mstari wake. Kiota chake, namba arobaini na moja, kilikuwa na dume aliyetoka ng'ambo; huyo alimjua nyoka na alipiga mlio kila alipomwona kwenye mistari. Lakini mkewe alizaliwa kwetu, na majirani walizaliwa kwetu, na wote walimsikiliza kama watu wanavyomsikiliza mlevi. Ndege huamini mlio pale anapousikia na kumwona nyoka kwa pamoja, mbele ya kitu anachokipenda. Mwalimu tulikuwa naye. Kilichokosekana ni nyoka kufika.

"Kwa wifi," alisema dada.

Alimwita hivyo yule ndege jike, wifi, kwa miaka mitatu. Ndege alikuwa na unyoya mmoja mweupe shingoni na mazoea ya kumfuata dada miguuni, akiokota wadudu waliotimuliwa na hatua zake. Alikuwa na makinda wawili wa siku saba.

"Hapana," alisema dada. "Chagua kingine."

Sikumlazimisha. Kesho yake Shemdoe alitokea ukaushioni, amefungwa bendeji, akiomba kurudi kazini. "Vidole vitatu vinatosha kwa iliki," alisema. "Vile viwili vilikuwa vivivu." Watu walicheka. Dada hakucheka. Aliutazama ule mkono kwa muda mrefu, akaondoka bila kuaga, na nilipomfuata nilimkuta amepiga magoti chini ya namba arobaini na moja, anafukua kibweta kwa mikono.

"Mlinzi ni wa kwangu," alisema. "Nitamzima mwenyewe."

*

Swila alikuja siku ya nne, kwenye saa nne asubuhi.

Tulikuwa hatua sita kutoka kwenye kiota, mimi na dada, yeye akiwa na panga la kufyekea njia. Swila alikuwa mweusi, mrefu, na hakuwa na haraka yoyote. Alitoka chini ya mizizi na kuja moja kwa moja kama mtu anayeenda kwake.

Dume wa ng'ambo alimwona kwanza. Akapiga ule mlio mkavu, karanga zikipasuka, akashuka chini kabisa mbele ya nyoka na mkia ameutanua. Wifi ndiyo kwanza anarudi na kiwavi mdomoni. Akatua kwenye tawi. Akamtazama mumewe, akatazama chini, akamtazama tena mumewe. Unaweza kusema ninamwekea ndege mawazo ya mtu, lakini nilikuwepo, na nilimwona akifikiri. Swila aliinua kichwa kufikia ukingo wa kisiki.

Kiwavi akamponyoka wifi mdomoni.

Mlio wake wa kwanza ulivunjika katikati. Wa pili ulitoka kamili. Na papo hapo kinda mmoja, ambaye hajawahi kuusikia mlio ule kwa mama yake, ambaye manyoya yake yalikuwa bado yamefungwa ndani ya mirija ya kuchipukia, aliruka kutoka kiotani akaangukia majanini na kutambaa. Kwa mwewe angejibana chini. Kwa nyoka, aliruka. Hakuna aliyemfundisha tofauti hiyo. Ilikuwa ndani yake, imehifadhiwa miaka sita chini ya mitikisiko yangu yote, ikisubiri kuitwa.

Wa pili alichelewa.

Dada aliinua panga. Zilikuwa hatua sita tu, na dada yangu hakosi anapofyeka. Bangili kwenye mkono ule ule ulioshika panga ilikuwa inatetema, tatu, tatu, tatu.

"Dada," nilisema.

Kurumbiza wa namba thelathini na nane walikuwa wamefika, na wa arobaini, na wa arobaini na nne. Wakatua kwenye matawi ya karibu na kuinamisha vichwa. Waliona kile cheusi kikisogea. Waliona kilichokuwa mdomoni mwake. Mmoja akajaribu ule mlio, kisha mwingine, na sauti zikashikana, zikashuka bondeni kiota kwa kiota, mpaka shorewanda na ndege wengine ambao si wa ukoo wao wakaja kuzomea. Huko chini kwenye mistari niliwaona wachumaji wakisimama wima mmoja baada ya mwingine, mikono mitupu, wakirudi nyuma. Swila aliondoka akisindikizwa kama mwizi anayepelekwa kituoni.

Panga lilishuka polepole. Dada aliliweka chini.

Alikwenda kumtafuta yule kinda aliyeruka. Hakwenda hata hatua tatu. Wifi alianguka mbele ya miguu yake, bawa moja limelegea, akijiburuta na kupiga kelele za maumivu, akielekea mbali na yale majani. Hakuwa ameumia. Alikuwa anamdanganya dada yangu, kwa ustadi wote wa ndege, amfuate yeye amwache mtoto.

"Wifi," alisema dada. "Wifi, ni mimi."

Ndege akaruka juu ya tawi, akamtazama kwa jicho la kulia, kisha kwa la kushoto. Kisha akatoa mlio mkavu, wa haraka haraka, na bangili ya dada ikatetema mara tatu.

Dada alicheka na kulia kwa wakati mmoja. "Ameona," alisema. "Ameniona nimesimama na panga, sikufanya kitu. Ameona kila kitu, huyu."

*

Tulizima walinzi wote kabla msimu haujaisha. Makinda wengi waliliwa, na sitaki kusema kwamba nilizoea. Lakini Shemdoe alirudi kwenye iliki, na siku yake ya pili alisimama, akavuta pumzi moja, akavuta ya pili, na bangili ikatetema mara tatu kabla hajafika ya tatu. Alirudi nyuma. Kifutu alikuwa pale pale ambapo vidole vyake vitatu vingefika. Kurumbiza aliyemwona alikuwa na umri wa mwaka mmoja.

Limebaki jambo moja. Wifi hakumsamehe dada. Kila dada alipoingia mstari ule, ndege alipiga mlio wa nyoka, bangili za wote zikatetema, wachumaji wakarudi nyuma bure. Ningeweza kurekebisha. Ningeyaambia masikio yapuuze mlio wa ndege yule mmoja dada anapokuwa karibu, kazi ya nusu saa. Nilimwambia hivyo.

"Usiguse," alisema. "Siku nyoka akiwa miguuni pangu, na masikio yako yameambiwa ndege anasema uongo?"

Kwa hiyo mstari ule aliuacha, yeye aliyeulima miaka kumi na tisa, akamkabidhi Shemdoe. Anapokwenda ukaushioni sasa anapita njia ya juu, ya mawe, robo saa zaidi, kikapu kichwani. Akifika kwenye kona ambako kiota kinaonekana kwa mbali husimama na kuvuta pumzi tatu. Bangili isipotetema, anajua wifi hajamwona, na anaendelea na safari yake.